Kupanga milinganyo kwa vizibo vya soda: mwongozo kamili kwa mwalimu wa hisabati

Andika ubaoni 8 + 4 = ___ + 5, kisha wape wanafunzi wa Darasa la Tano dakika moja wajaze nafasi iliyo wazi. Wengi wataandika 12. Baadhi watajumlisha kila namba wanayoiona na kuandika 17. Swali hilihili liliulizwa katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1999, na kuanzia darasa la kwanza hadi la sita hakuna darasa ambalo waliopata 7 walifika asilimia 10. Watoto hao kujumlisha walijua. Kilichowaponza ni alama ya sawa sawa. Waliisoma kama amri ya kutoa jibu, ilhali inasema kwamba kilichoko kushoto na kilichoko kulia vina thamani moja.

Mazoezi yetu ya kila siku ndiyo yanayojenga tabia hiyo. Kitabu kinauliza 7 × 6, mtoto anajaza. Kinauliza 45 − 18, anajaza. Kila mara alama ya sawa sawa iko mwishoni, na baada yake kuna nafasi ya jibu. Halafu mtoto huyo akifika Kidato cha Kwanza anakutana na 3x + 2 = x + 10, anatoa macho, na sisi tunasema aljebra ni ngumu.

Mchezo wa kupanga milinganyo kwenye kibao unaigeuza kazi hiyo. Mtoto hapewi swali. Anapewa namba na alama, na anatakiwa atengeneze mwenyewe kauli iliyo kweli. Naupenda sana mchezo huu, ila nina sharti moja nitakalolirudia hapa chini: faida yake kubwa iko kwenye kupingana. Pointi ni chambo tu. Mwalimu anayeuleta darasani bila kanuni ya kupinga ameleta mapumziko, hajaleta somo.

Wazo lenyewe si geni duniani. Marekani, katika miaka ya 1960, Layman Allen alitunga mchezo uitwao Equations unaochezwa kwa dadu zenye namba na alama, na mpaka leo shule zinashindana kwa mchezo huo. Thailand kuna A-Math: kibao cha miraba 15 kwa 15, vipande 100, kila mchezaji akiwa na vipande 8 mkononi. Nitakaoueleza hapa umetohoa mfumo wa A-Math, nikaupunguza ukubwa uenee kwenye dawati, nikabadilisha kanuni zifae darasa la wanafunzi 60, na vipande vyake ni vizibo vya soda. Watoto wetu vizibo wanavijua tayari. Ndivyo wanavyochezea drafti.

Kutengeneza seti

Kwa kibao kimoja unahitaji kipande cha boksi gumu chenye upana wa sentimita 40 kila upande, rula, maka peni, karatasi ya manila, gundi, bikari, mfuko wa kitambaa na vizibo 80.

Chora miraba 11 kwa 11, kila mraba sentimita 3.5. Kizibo cha chuma kina upana wa takribani sentimita 3.2 ukipima meno yake, kwa hiyo kinakaa vizuri na vidole vinapata nafasi ya kukinyanyua. Mraba wa katikati kabisa, wa sita kutoka kila upande, utie nyota. Kama boksi ulilonalo ni dogo, unganisha vipande viwili kwa selotepu upande wa chini. Mkunjo unaotokea utakusaidia kukikunja kibao wakati wa kukihifadhi.

Vizibo vioshwe kwa maji ya sabuni na vikaushwe. Chagua visivyo na kutu na visivyopindwa sana na kifungulio. Kata viduara vya manila kwa bikari iliyofunguliwa sentimita 1.2, andika namba au alama, bandika ndani ya kizibo. Mgongo wa kizibo ndio unaoonekana mtoto anapokilaza kifudifudi, na hapo pana jambo la kuangalia: kama vizibo ni vya soda tofauti, watoto watakariri baada ya michezo michache kwamba sifuri ni kile cha rangi ya chungwa. Tafuta vya aina moja, au pakeni migongo yote rangi moja.

Jambo la pili ni la lazima. Kizibo ni duara, hakina juu wala chini. Ukizungusha + kidogo inakuwa ×. Ukigeuza − inasimama kama 1. Alama ya sawa sawa ikisimama inaonekana 11. Na 6 na 9 ugomvi wao unafahamika. Kwa hiyo chini ya kila namba na kila alama, bila kuacha hata moja, piga mstari mnene wa rangi nyekundu, na wafundishe watoto kwamba mstari mwekundu unakaa upande wa chini daima. Ukiliruka hili, nusu ya mabishano ya darasa lako yatakuwa kuhusu vizibo, na hisabati itakosa nafasi.

Mgawanyo wa vizibo 80 ninaoupendekeza kwa Darasa la Tano ni huu:

- Tarakimu, jumla 45: sifuri 3, moja 5, mbili 6, tatu 5, nne 5, tano 4, sita 5, saba 3, nane 5, tisa 4.
- Namba kamili za tarakimu mbili: 10 viwili, na 12 viwili.
- Matendo, jumla 21: + sita, − sita, × tano, ÷ nne.
- Alama ya sawa sawa: vizibo 8.
- Vizibo huru visivyoandikwa kitu: 2.

Namba shufwa (2, 4, 6, 8) nimeziwekea vizibo vingi kwa makusudi, maana ndizo zinazofungua milango. Saba ziko chache. Saba ikizidi mkononi mwa mtoto wa miaka kumi anakata tamaa.

Darasa la wanafunzi 60 likigawanywa sita sita linahitaji vibao 10, yaani vizibo 800. Ni vingi, lakini huhitaji fedha kuvipata. Watume watoto wakaombe kwenye maduka ya jirani na kwenye vibanda vya vinywaji wakati wa mchana, na uwape wiki mbili. Kuandika na kubandika kuwe kazi ya darasa zima katika vipindi vya kazi za mikono. Kama vizibo havipatikani, vipande vya boksi vya sentimita 3 kwa 3 vinatosha, ingawa huchakaa upesi na kingo zake zikilowa hujikunja.

Kanuni

Kila kibao kina wanafunzi sita katika jozi tatu. Jozi ni muhimu kuliko mchezaji mmoja mmoja, kwa sababu watoto wawili wanaoshirikiana mkono mmoja wa vizibo hulazimika kuongea, na wakiongea ndipo unapowasikia wanavyofikiri.

Kila jozi inachota vizibo 8 kutoka mfukoni bila kuchungulia. Mlinganyo wa kwanza lazima upite kwenye nyota ya katikati na uwe na alama ya sawa sawa. Milinganyo inayofuata lazima iguse angalau kizibo kimoja kilichopo kibaoni na isomeke kutoka kushoto kwenda kulia au kutoka juu kwenda chini. Kila mstari unaoundwa na vizibo vilivyogusana lazima uwe mlinganyo wa kweli, hata ule uliojitokeza kwa bahati kando ya uliokusudiwa. Baada ya kuweka, jozi inachota vizibo vya kujazia hadi wawe na 8 tena.

Tarakimu zikikaa pamoja zinasomeka kama namba moja: 3 na 2 ni 32. Mwisho ni tarakimu tatu. Namba haianzi na sifuri, isipokuwa sifuri yenyewe. Kizibo cha 10 na cha 12 hakiunganishwi na tarakimu nyingine. Hakuna kugawanya kwa sifuri. Kugawanya kuwe bila baki, na jibu la hatua yoyote lisishuke chini ya sifuri, mpaka darasa lifundishwe sehemu na namba hasi. Kizibo huru kinakuwa chochote ambacho mwekaji atakitaja. Kinaandikwa daftarini na hakibadiliki tena.

Alama mbili za sawa sawa kwenye mstari mmoja zinaruhusiwa, mradi pande zote tatu ziwe na thamani moja. 4 + 4 = 8 = 2 × 4 ni sahihi. 5 + 3 = 8 × 2 = 16 si sahihi, ingawa utaiona mara nyingi kwenye madaftari ya wanafunzi wako wa sasa, ambao huandika hivyo wakimaanisha "kisha zidisha kwa mbili". Kibaoni kosa hili linakamatwa na mwenzao, na linakwisha haraka kuliko likikamatwa na kalamu yako nyekundu.

Pointi: kila kizibo kilichowekwa sasa hivi ni pointi 1, isipokuwa × ambacho ni 2, ÷ ambacho ni 3, na kizibo huru ambacho ni 0. Jozi ikitumia vizibo vyote 8 kwa mpigo inaongezewa 10. Jozi isiyoweza kuweka kitu inabadilisha vizibo visivyozidi vitatu na zamu inapita. Hakuna adhabu nyingine. Darasani mchezo unaishia muda unapoisha, kwa hiyo usihangaike na kanuni za mwisho wa mfuko.

Kanuni ya kupinga

Katika kila zamu jozi tatu zina kazi tatu. Ya kwanza inaweka. Ya pili, inayofuata kwa mzunguko, inakagua. Ya tatu inaamua. Zamu ikisogea, kazi zinasogea. Hakuna mtoto anayekaa kungoja, na hilo peke yake linatibu nusu ya fujo unayoiogopa katika darasa kubwa.

Wawekaji wakishaweka, wanasoma mlinganyo wao kwa sauti. Wakaguzi wana nafasi ya kusema "Tunakubali" au "Tunapinga". Wakipinga, wawekaji wanatakiwa waandike hatua zote daftarini, pande zote mbili za alama ya sawa sawa, na kuzieleza. Waamuzi wanaamua. Mlinganyo ukiwa si kweli, vizibo vinarudi mkononi na zamu imepotea. Ukiwa kweli, wawekaji wanapata pointi zao pamoja na 2 za nyongeza. Nyongeza iwe ndogo hivyo hivyo. Ukiweka adhabu kubwa kwa aliyepinga bure, watoto waoga wataacha kupinga, na hao ndio unaotaka wazungumze.

Mlinganyo wa uongo ukikubaliwa na kupita, unabaki kibaoni, na yeyote akiugundua baadaye jozi yake inapata pointi 5. Vizibo vya uongo vinaondolewa kama havijajengewa kingine. Hii inawafanya warudie kukagua mistari ya zamani, yaani wanafanya masahihisho kwa hiari yao, jambo ambalo kwa daftari sijaliona likitokea.

Lugha ya ubishi iwe ile ambayo mtoto anaifikiria. Katika shule zinazofundisha hisabati kwa Kiingereza, sekondari zetu za Tanzania zikiwemo na shule nyingi za Kenya, waache wabishane kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani, kisha hatua ziandikwe kwa lugha ya somo. Mtoto akilazimishwa kutetea hesabu kwa lugha inayomshinda, atakubali kushindwa hata akiwa sahihi.

Kuanza: wiki ya kwanza bila kibao

Usigawe vibao siku ya kwanza. Anza na mizani. Chora ubaoni mizani ya dukani yenye sahani mbili, upande mmoja 8 + 4, upande wa pili 5 na nafasi wazi, na uulize ni nini kiongezwe ili isilale upande. Hapo wengi waliosema 12 watajirekebisha wenyewe. Unaweza kuwaambia pia kwamba alama tunayoitumia ilibuniwa mwaka 1557 na Robert Recorde, mtu wa Wales, aliyechagua mistari miwili sambamba kwa hoja kwamba hakuna vitu viwili vinavyolingana kuliko hiyo. Watoto hupenda kujua kwamba alama iliwahi kubuniwa na mtu.

Siku ya pili andika ubaoni mkono mmoja wa vizibo, darasa zima litumie huohuo:

2   3   4   6   8   ×   −   =

Kila jozi itafute mlinganyo wa kweli unaotumia vizibo vingi iwezekanavyo, kila kizibo mara moja. Ndani ya dakika mbili mikono itanyooka na 8 × 4 = 32. Vizibo sita, pointi 7. Kubali, andika ubaoni, nyamaza. Mwingine atatoa 3 × 8 = 24. Sita tena. Kisha uliza: nani anaweza kuvitumia vyote vinane?

Hapo darasa linanyamaza, na hicho ndicho kimya cha kukilinda. Mtoto anayeamini kwamba baada ya alama ya sawa sawa kuna jibu moja tu atazunguka palepale: atajaribu kuzidisha, atatoa, atabaki na 6 mkononi. Njia inafunguka pale mmoja anapothubutu kuweka tendo kila upande: 32 − 8 = 4 × 6. Kushoto 24, kulia 24, na mkononi hakuna kilichobaki. Pointi 9 na nyongeza ya 10, jumla 19. Usiwape jibu hili hata wakikuomba. Liache lilale ubaoni hadi kesho kama halijapatikana. Dakika hizo za kutafuta zina thamani kuliko maswali ishirini ya kujaza.

Tofauti ya pointi 7 na 19 imepangwa ili kanuni za mchezo zimlipe mtoto kwa kuielewa alama ya sawa sawa kama usawa. Hutahitaji kuhubiri tena.

Wiki ya pili chora kibao kikubwa ubaoni na cheza nusu ya darasa dhidi ya nusu nyingine, zamu tano au sita, ili kanuni za kuunganisha zieleweke. Tumia mlinganyo uleule kama wa kwanza. Onyesha kwamba ile 8 ya 32 − 8 inaweza kuwa mwisho wa mstari unaoshuka: juu yake unapanga 5, +, 3, =, na ukisoma kwenda chini ni 5 + 3 = 8. Vizibo vinne, pointi 4. Kisha uliza kama mstari huo unaweza kurefushwa chini ya 8. Atatokea wa kuweka ÷ na 1, ukawa 5 + 3 = 8 ÷ 1, pointi 4 nyingine. Mwingine ataona − na 0. Wanagundua kwa mikono yao tabia za sifuri na moja, zile tunazowakaririsha bila wao kujua zinafaa nini.

MAGAZIJUTO na mtego wake

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo mabishano mazito hutokea.

Kila mtoto wa Tanzania anakariri MAGAZIJUTO, yaani mpangilio wa kufanya matendo: Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Inasaidia, lakini ukiifuata neno kwa neno inapotosha mahali pamoja. Mtoto ataweka 10 − 3 + 2 = 5 na atakuapia kwamba ni kweli, kwa sababu JU inatangulia TO: kwanza 3 + 2 ni 5, halafu 10 toa 5. Wakaguzi wake, nao wamekariri hivyohivyo, watakubali.

Jibu sahihi ni 9. Kujumlisha na kutoa ni ndugu wa daraja moja, na hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto. Kuzidisha na kugawanya hali kadhalika. Ila kuna tofauti ambayo walimu wengi hawajaitilia maanani: kwenye GA na ZI mtoto akitanguliza kugawanya kila mara hapati jibu la uongo. 4 × 6 ÷ 3 ni 8 ukianza kushoto, na ni 8 ukianza kugawanya 6 kwa 3. Kibaya zaidi kinachoweza kumkuta ni sehemu njiani, kama 4 × 3 ÷ 6, ambapo akianza kugawanya anapata nusu kabla ya kufika 2. Hatari kubwa iko kwenye JU na TO. Kwa hiyo unapopita kati ya vibao, macho yako yatafute mistari yenye − ikifuatiwa na + au − nyingine. 20 − 8 − 5 ni mfano mwingine: atakayeanza na 8 − 5 atapata 17 badala ya 7.

Namna ya kulitatua bila kuwaamulia ni kuwaomba wautafsiri mlinganyo kuwa fedha. Ulikuwa na shilingi 10,000. Ukanunua nyanya za 3,000. Kisha mtu akakulipa deni la 2,000. Una ngapi? Hakuna mtoto atakayesema 5,000. Waambie warudi kwenye kibao na maneno hayo, waamuzi waamue upya. Nimeona ubishi wa namna hii ukibaki akilini mwa watoto kuliko maelezo yoyote ya mwalimu.

Wakishaelewa, wape kizibo cha mabano. Vinne vya kufungua na vinne vya kufunga vinatosha. Ghafla 10 − (3 + 2) = 5 inakuwa kweli, na mabano yanapata kazi inayoonekana.

Kipindi cha dakika 40

Dakika 5 za kwanza ni za kupanga madawati na kugawa mifuko. Wape viongozi wa vikundi kazi hiyo. Dakika 22 au zaidi kidogo za kucheza. Dakika 8 za majadiliano ya pamoja. Zilizobaki ni za kuhesabu vizibo na kurudisha. Vikundi vyote vihesabu hadi 80 kabla ya mtu yeyote kutoka, la sivyo baada ya mwezi seti zako hazitakuwa na alama ya sawa sawa.

Wakati wa kucheza, kazi yako ni kupita na daftari dogo. Usiwe mwamuzi wa vibao kumi. Ukiitwa "Mwalimu, eti hii ni sahihi?", jibu lako liwe "Waamuzi wanasemaje?" Andika milinganyo iliyopingwa, ya kweli na ya uongo. Kila zamu iwe dakika mbili. Piga kengele au gonga meza.

Dakika zile 8 za mwisho ndizo somo, na wengi huziacha ziliwe na mchezo. Chukua milinganyo miwili kutoka daftari lako, mmoja wa kweli na mmoja wa uongo, iandike ubaoni bila kutaja nani aliiweka. Jozi zijadili, kisha zipige kura, kisha mmoja wa kila upande ajitetee. Kila mwanafunzi anakili mlinganyo mmoja bora wa kikundi chake na hatua zake kwenye daftari la hisabati, tarehe juu, ili mzazi na mkaguzi wakifungua waone kazi.

Mara moja kwa wiki inatosha. Mchezo huu unaimarisha kilichofundishwa. Hauwezi kumfundisha mtoto jedwali la kuzidisha asilolijua kabisa. Kwa hao, bandika jedwali kwenye kona ya kibao na uwaruhusu kulitazama. Wanalitazama kwa sababu wanalihitaji, na kidogo kidogo wanaacha.

Matatizo utakayokutana nayo

Mmoja katika jozi anafanya kila kitu. Gawa kazi: mmoja anashika vizibo, mwenzake anaandika na ndiye pekee anayeruhusiwa kusoma mlinganyo kwa sauti na kuutetea. Zamu ikiisha wanabadilishana. Mjuzi hapo analazimika kumwelewesha mwenzake kwanza.

Kikundi kimoja kinacheza milinganyo myepesi tu, 2 + 3 = 5, 4 + 1 = 5. Weka sharti la siku: leo mlinganyo usio na tendo pande zote mbili hauna pointi. Au: leo lazima kuwe na ÷.

Wenye uwezo mkubwa wanawazima wengine. Mwanzoni changanya, baada ya mwezi panga vikundi kwa viwango vinavyokaribiana, lakini majina ya vikundi yasionyeshe kiwango. Kuhusu zawadi, nashauri usitoe kwa pointi za juu. Ukitaka kusifu, sifu upingaji mzuri: "Kikundi cha dirishani leo wamekamata 20 − 8 − 5."

Kelele zitakuwepo. Mwalimu mkuu aalikwe mapema, akae kwenye kibao kimoja kama mkaguzi.

Kupima kama wanajifunza

Rudia lile swali la 8 + 4 = ___ + 5 kwa namba nyingine kabla ya kuanza na baada ya muhula, pamoja na maswali mengine matatu: 15 − 6 + 4; kweli au si kweli, 7 = 7; na "andika mlinganyo wa kweli wenye kuzidisha upande mmoja na kutoa upande wa pili". Usishangae wakikataa 7 = 7 mwanzoni kwa kusema "hakuna swali". Hifadhi majibu ya mara zote mbili. Katika daftari lako dogo angalia pia kama milinganyo yenye matendo pande zote mbili inaongezeka wiki hadi wiki. Hicho ni kipimo bora kuliko pointi za washindi.

Kupanda na kushuka madarasa

Kwa Darasa la Tatu tumia kibao cha miraba 7 kwa 7, vizibo vitano mkononi, na + na − peke yake, namba zisizidi 20. Kwa la Sita na la Saba ongeza mabano, ruhusu sehemu na namba hasi.

Kidato cha Kwanza ndipo mchezo unapopata sura mpya. Ongeza vizibo vinne vya x. Namba ikikaa mbele ya x bila alama, inazidishwa nayo. Jozi inayoweka 3x + 2 = 14 lazima itaje thamani ya x, na wakaguzi wanaijaribu kwa kuiingiza: 3 × 4 ni 12, jumlisha 2 ni 14, sawa. Kila mlinganyo una x yake. Mistari miwili inayokutana kwenye kizibo kimoja cha x lazima ikubaliane thamani, na hapo wanakuwa wameonja milinganyo ya pamoja bila kuitwa hivyo. Siku moja jozi itaweka 2x = x + x, na wakiulizwa thamani watasema yoyote. Wape pointi 5 za ziada kama wanaweza kueleza kwa nini. Siku nyingine mtu ataweka x + 3 = x. Wakaguzi watapinga, na waamuzi watajaribu namba moja, ya pili, ya tatu. Waache waendelee kujaribu hadi mmoja wao aseme kwamba hakuna haja ya kujaribu nyingine, kisha mwombe aandike sababu.